Kocha anamtaka mtoto, barua inadai dola 9,805 kwa mwaka. Nisaini?

"Tuliingia Kentucky 2016 tukitokea kambi ya Nyarugusu, sasa tunaishi Bowling Green, mimi na baba yao wote tunafanya kazi kiwandani. Kijana wangu wa kwanza anamaliza haiskuli mwezi wa tano, anachezaka mpira vizuri sana na GPA yake, yaani wastani wa alama, ni 3.4. Kocha wa chuo kimoja kidogo cha binafsi, mwendo wa saa mbili toka hapa, alikuja mpaka nyumbani, akala ugali na sisi, akasema amempa skolashipu. Kanisani walishapiga vigelegele. Lakini barua ilipofika inaonyesha bado tunadaiwa dola 9,805 kila mwaka, na wanasema naweza kuchukua mkopo kwa jina langu. WKU (Western Kentucky University) iko hapahapa na imemkubali lakini haina timu ya mpira ya wanaume. Baba yake anasema nikikataa nitakuwa nimemkatia mtoto njia, mbona Oscar Tshiebwe, yule wa kikapu kutoka Lubumbashi, alifika kwa michezo? Dipoziti ni dola 300 kabla ya tarehe 1 Mei. Nisaini?"

Mama, kwanza hongera. Mtoto aliyeingia darasani Marekani hajui neno la Kiingereza na leo anamaliza na 3.4 huku anacheza mpira kila jioni, hilo ni jasho lake na jasho lenu, na vigelegele vya kanisani vilikuwa vya haki kabisa. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba usisaini wiki hii, ila pia usimwambie kijana hapana. Muda upo kidogo kabla ya tarehe 1 Mei na unatosha kufanya kazi moja ambayo naona haijafanyika, yaani kuhesabu pesa zinazobaki kwa miaka yote minne. Ninavyokusoma, hofu yako haiko kwenye mpira, unaogopa kuonekana mama aliyezima ndoto, na wakati huohuo moyo unakwambia kuna kitu kwenye ile barua hakijakaa sawa. Moyo wako unasema kweli.

Barua uliyonitumia picha tuisome pamoja. Ada 29,000, bweni na chakula 10,500, gharama nyingine ndogondogo 1,200, jumla 40,700. Halafu chini wameandika vitu vinne mfululizo kana kwamba vyote ni zawadi: skolashipu ya chuo 12,000, ya mpira 6,000, Pell 7,395, na 5,500 ambayo wameipa jina refu. Mama, hiyo 5,500 ni mkopo. Ni mkopo wa serikali kwa jina la kijana, siyo mbaya ukilinganisha na mikopo mingine, lakini utalipwa na riba, kwa hiyo hauwezi kukaa safu moja na Pell, maana Pell ni pesa ya serikali kwa familia zenye kipato kidogo na hairudishwi. Ukiutoa mkopo hapo, kinachobaki kila mwaka siyo 9,805, ni 15,305. Hiyo ndo bei yenyewe ya hicho chuo kwa familia yako. Na ile 9,805 wanayosema mama achukue mkopo wa mzazi, unaitwa Parent PLUS, huo ndo unaonitia wasiwasi zaidi. Riba yake kwa mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa asilimia 8.94, wanakata zaidi ya asilimia 4 juu kwa juu kabla pesa haijafika, na deni ni lako wewe mwenyewe, huwezi kumhamishia kijana hata akija kupata kazi nzuri. Kuanzia Julai 2026 serikali imeweka kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja, lakini kikomo hicho kiko juu mno kwa mtu wa mshahara wa kiwandani, kwa hiyo usidhani ukiruhusiwa kukopa maana yake unaweza kulipa.

Sasa hesabu ya miaka minne. Kinachobaki, 15,305 mara nne, ni 61,220. Kijana, ukifuata kiwango cha mkopo wa serikali kinavyopanda mwaka hadi mwaka, 5,500 halafu 6,500 halafu 7,500 mara mbili, anabeba 27,000, na wewe zinazobaki 34,220. Jumla familia inatoka na deni la dola 61,220 kabla ya riba, na hapo tumejifanya ada haipandi, wakati karibu kila mahali inapanda na zile skolashipu mbili, jumla 18,000, zinabaki palepale. Kaa na baba yake mezani, mwandikieni hiyo namba kwenye karatasi akiwa ametulia, siyo saa ya kutoka shifti.

Watu wengi wa kwetu wanaamini chuo kikimpa mtoto skolashipu kubwa maana yake kimetumia pesa nyingi kumpata. Ndivyo inavyoonekana ila sivyo inavyofanya kazi. Vyuo vidogo vya binafsi Marekani kwa wastani vinapunguza zaidi ya nusu ya ada waliyotangaza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, yaani ile bei ya juu karibu hakuna anayeilipa yote. Ni kama muuza vitenge anayeanza na bei ya juu akijua atashuka, anaposhuka unajisikia umependwa, kumbe bei aliyoitaka ndo hiyo mliyofikia. Kwenye barua yako chuo kimepunguza 18,000 ambazo hazijatoka kwenye mfuko wa mtu, na kinapokea 22,700 taslimu, sehemu kutoka serikalini, sehemu mkopo wa kijana, sehemu mkopo wako. Kama kijana asipoenda, kile kitanda na kile kiti vinabaki vitupu na hizo 22,700 hazipo. Ndo maana vyuo vingi vya aina hii vina timu nyingi sana, na makocha hupewa idadi ya vijana wa kuleta kila mwaka. Sisemi kocha ni mwongo. Inawezekana kabisa anampenda mtoto na ana jicho la mpira, lakini kuja nyumbani kula ugali ni sehemu ya kazi yake, na ofisi inayoamua pesa ni nyingine kabisa ambayo wewe hujakutana nayo.

Na hapo kwenye pesa za mpira penyewe. Hapa Kentucky vyuo vidogo vingi vinacheza kwenye chama kinachoitwa NAIA, ambako chuo kinaruhusiwa skolashipu kamili zisizozidi 12 kwa timu ya mpira ya wanaume. Kwenye NCAA, chama kingine kikubwa zaidi, daraja la pili ni 9, na daraja la tatu ni sifuri, hawaruhusiwi kutoa hata dola moja kwa ajili ya michezo. Hizo 12 ni kikomo tu, chuo kinaweza kutoa chini ya hapo, halafu kocha anazikatakata kwa vijana thelathini, arobaini, wengine wanaletwa kwa ajili ya timu ya pili ambayo mechi zake hazitangazwi popote. Kwa hiyo 6,000 siyo dharau kwa mtoto wako, ndo soko lilivyo kwenye mpira wetu huu. Kingine, pesa ya mpira kwa kawaida inatolewa mwaka mmoja mmoja. Goti likigeuka, kocha akihama, au kocha mpya akija na vijana wake, hiyo 6,000 inaweza isirudi, na mtoto tayari yuko nusu ya safari.

Hata timu nzima inaweza kufutwa. Wesley Korir, yule Mkenya aliyeshinda Boston Marathon 2012 na baadaye akawa mbunge wa Cherangany, alikuja kukimbia chuo kimoja hapahapa Kentucky, programu ya riadha ikafutwa ikabidi ahamie University of Louisville, akamaliza shahada yake pale na akafanya kazi ya ufundi wa majengo palepale chuoni huku anafanya mazoezi. Yule alikuwa mkimbiaji wa kiwango cha dunia na bado chuo chake cha kwanza hakikumlinda.

Kuhusu Oscar, mwambie baba yake kwa upole. Oscar Tshiebwe ni fahari yetu sote, mtoto wa Lubumbashi kuwa mchezaji bora wa kikapu cha vyuo Marekani nzima mwaka 2022 akivaa jezi ya Kentucky, nani asiyefurahi. Lakini ile ni basketi, na ni chuo kikuu ambacho mechi moja inajaza watu elfu ishirini pale Rupp Arena, timu ina wachezaji wasiozidi kumi na tano na karibu kila mmoja anasomeshwa bure. Mpira wa miguu wa wanaume kwenye chuo kidogo ni dunia nyingine. Na hata Oscar mambo hayakuwa rahisi, kwa sababu alikuwa na visa ya mwanafunzi hakuruhusiwa kufanya kazi za matangazo ndani ya Marekani, dili zake nyingi alizifanya timu ilipokwenda Bahamas Agosti 2022. (Kijana wako ana grini kadi, kizuizi hicho hakimhusu, ila waambieni ndugu wanaotaka kuja kwa visa wasidanganywe.) Pia zile habari za Juni 2025 kwamba mahakama imeruhusu vyuo kulipa wachezaji, ile milioni 20.5 ilikuwa kikomo cha mwaka wa kwanza, 2025/26, kwa vyuo vikubwa, na sehemu kubwa inakwenda football ya Kimarekani na kikapu. Haifiki huku kwetu.

Sasa WKU, ambayo naona wengi mnaipita kila siku pale kilimani mkiwa kwenye gari mnaona kama ni ya watu wengine. Ada kwa mkazi wa Kentucky ni takriban dola 12,000 kwa mwaka. Pell inatoa 7,395. Halafu kuna KEES, hii wazazi wengi hawaijui kwa sababu hakuna fomu ya kujaza, jimbo linatumia pesa za bahati nasibu kumwekea mtoto kiasi kwa kila mwaka wa haiskuli kulingana na GPA, na kwa aliyekuwa na 3.4 ni dola 350 kwa mwaka, kwa hiyo kama amekaa hapo miaka yote minne ana dola 1,400 kwa kila mwaka wa chuo, na juu yake kuna nyongeza ya mtihani wa ACT kama amepata 15 au zaidi. Inabaki 3,205. Na WKU ina mpango unaoitwa Hilltopper Guarantee, ambao unafunika ada yote iliyobaki kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kentucky anayepata Pell na mwenye GPA kuanzia 3.0. Kijana wako kwa maelezo yako anaangukia humo. Nenda uwaulize masharti ya mwaka huu na anatakiwa kushika GPA gani ili iendelee, lakini ukielewa ninachosema, mtoto anaweza kusoma ada sifuri, analala nyumbani, anakula chakula chako. Kinachobaki ni vitabu, mafuta ya gari, parking, kompyuta. Uliza pia kuhusu sheria ya kukaa bweni, maana vyuo vingi vinamtaka wa mwaka wa kwanza alale chuoni ila huwa wanamsamehe anayeishi na wazazi karibu akijaza ombi.

Hiyo KEES siioni kwenye barua ya chuo kidogo, wakati inaweza kutumika huko pia. Sioni CAP wala KTG, ambayo ni misaada ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, KTG ikiwa ya vyuo vya binafsi tu. Pesa hizi zina kawaida ya kuisha, anayewahi FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali, Oktoba anapata, anayechelewa anakuta imekwisha, lakini lazima uulize kama wameisahau au imekwisha kweli. Kwa hiyo ile 9,805 inaweza ikashuka, na ni haki kuwaambia hivyo kabla hujakataa.

Nisiwe wa upande mmoja. Kuna vijana ambao bila timu hawamalizi chuo. Kijana anaamka saa kumi na moja asubuhi kwa sababu kocha anamsubiri, anashika alama kwa sababu akishuka hachezi, ana marafiki thelathini siku ya kwanza, na darasa la watu kumi na tano mwalimu anajua jina lake. Kwa mtoto mkimbizi ambaye kwenye chuo kikubwa anaweza kukaa nyuma kimya mwaka mzima hilo ni jambo kubwa na halina bei rahisi. Pia akikaa nyumbani kuna hatari ambayo wazazi hatupendi kuisema, kwamba tunamgeuza dereva, mkalimani wa hospitali, mlezi wa wadogo zake, na mtu wa kuongeza shifti, halafu tunashangaa alama zimeshuka. Mkichagua WKU lazima mkubaliane naye kwamba saa fulani hadi fulani ni za masomo na hakuna wa kumpigia simu aende kumchukua mtu Walmart.

Na mpira haufi. Bowling Green ni mji wa mpira kuliko watu wa nje wanavyodhani, Wabosnia waliokuja miaka ya tisini waliuleta kwa nguvu, halafu tukaja sisi, Waburma na wengine, Jumapili viwanja vinajaa. Atacheza. Ila nimwambie ukweli mwenyewe akisoma hapa: kucheza Jumapili siyo sawa na kuvaa jezi ya chuo, na muda wa kuruhusiwa kuchezea chuo unaanza kuhesabika pale tu anapoanza kusoma full time, hata kama chuo chake hakina timu. Akitaka kuhamia chuo chenye timu baada ya mwaka mmoja inawezekana, lakini asikae miaka mitatu akidhani mlango unamsubiri.

Kwa hiyo fanyeni hivi siku hizi chache. Kijana mwenyewe afungue ukurasa wa timu ya kile chuo, orodha ya wachezaji, ahesabu wangapi wameandikwa Fr. yaani mwaka wa kwanza na wangapi Sr. yaani mwaka wa nne. Akikuta kumi na nane wa mwaka wa kwanza na watatu wa mwaka wa nne, amuulize kocha wengine wamekwenda wapi. Afungue na ya mwaka juzi kama bado ipo aone majina yaleyale yanabaki au yanapotea. Halafu aandike barua pepe, siyo simu, kwa kocha na kwa ofisi ya misaada ya masomo pamoja, aulize: hiyo 6,000 ni ya mwaka mmoja au minne, akiumia inabaki, yupo timu ya kwanza au ya pili, akiumia uwanjani bima ya nani inalipa. Anayekujibu kwa maandishi bila kuzunguka, mheshimu. Anayekwambia usijali mama tutaangalia, hiyo nayo umejibiwa.

Kisha omba waongeze. Inaruhusiwa kabisa, Wamarekani wenyewe wanafanya na hakuna anayekasirika. Waambie WKU imenifikisha sifuri kwenye ada, nyie mnanibakizia 9,805, mnaweza kufanya nini? Na kama mwaka huu mmoja wenu amepunguziwa masaa au ameachishwa kazi, leteni karatasi za mshahara, kwa sababu FAFSA inasoma kipato cha zamani na ofisi ina mamlaka ya kukihesabu upya. Kipimo changu ni hiki: kama wakishusha mpaka Parent PLUS ikatoka kabisa, na kilichobaki mnaweza kukilipa kidogokidogo kila mwezi kutoka kwenye mshahara bila kugusa kodi ya nyumba, na kijana anabaki na ule mkopo wake wa serikali tu, basi ni uamuzi wa heshima na mwacheni akacheze. Kama lazima mama asaini PLUS, mimi nasema hapana, na nasema hivyo kwa familia yoyote yenye watoto wengine nyuma, kwa sababu huyu wa kwanza akishameza uwezo wa kukopa, binti anayefuata atakuta nini?

Kuhusu huyo binti, kwa kuwa umeniambia yuko darasa la kumi, mwandikieni jina Berea College sasa hivi. Iko hukohuko Kentucky, haijatoza ada tangu 1892, inachukua watoto wa familia zenye kipato kidogo, na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau masaa kumi kwa wiki. Timu wanazo, ziko daraja la tatu, hakuna pesa ya michezo lakini hakuna anayeihitaji. Na kama kijana yuko tayari kuhamia Louisville, kuna mpango wa Metropolitan College ambao UPS wanalipia ada kwa wanaofanya shifti ya usiku, upo tangu 1998. Ni kazi ngumu, kupakia mizigo usiku halafu darasani asubuhi, nimeona waliomaliza na nimeona walioshindwa, ila hawakutoka na deni la 61,000.

Kuna sehemu ambazo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Nendeni wenyewe, wewe na kijana na ikiwezekana baba yake, ofisi ya misaada ya masomo ya WKU, na pia kwa kaunsela wa haiskuli. Ombeni mkalimani wa Kiswahili mapema, msimtumie kijana kutafsiri mambo ya pesa zake mwenyewe, maana anaweza kuruka sehemu ambayo hataki msikie. KHEAA, ofisi ya jimbo inayosimamia KEES na CAP, nayo ina watu wa kusaidia familia bure. Mtu yeyote anayetaka umlipe ili akujazie FAFSA, mwache. Na kama kuna utata kwenye karatasi za uhamiaji, mfano jina au tarehe ya kuzaliwa kutofautiana kati ya grini kadi na shule, hilo ni la mwanasheria wa uhamiaji, usijaribu kurekebisha kwenye fomu peke yako.

Bebeni barua zote mbili, ya chuo kidogo na ya WKU, FAFSA iliyochapishwa, stabu za mshahara za miezi miwili ya karibuni, na ripoti ya KEES ambayo kijana anaiona akifungua akaunti yake kwenye tovuti ya KHEAA. Kama chuo kidogo hakijajibu ile barua pepe mpaka tarehe 28 Aprili, ombeni kwa maandishi wawaongezee muda wa dipoziti, na wakikataa, zile dola 300 zibaki kwenye pochi yako.